Akoth Alipanga Foleni

Mimi huuza sabuni ya unga ya kupima hapa Kahawa Wendani, kwa hivyo mtu asinisimulie habari za Mukonyo. Kwa miaka kumi na tano nimemtazama ng'ambo ya barabara, ameketi kwenye ule ukuta mfupi na wamama wenzake wa kufua, akingoja mwanafunzi wa hosteli aje na begi la nguo chafu.

Alitoka Gatuanyaga mwaka ule kiangazi kilimmalizia mbuzi wote. Alikuja na mtoto mgongoni, Mbuvi, na beseni moja la bluu. Sasa Mbuvi yuko kidato cha tatu, na kila daftari lake limetoka kwenye ukuta ule.

Ukuta ulikuwa na sheria yake. Anayefika kwanza analaza beseni lake kifudifudi mwanzo wa mstari, anayefuata analaza lake nyuma. Mteja akija, anamchukua wa mbele. Hakuna kuruka mtu, hata uwe dada yake chifu. Nimeona watu wakipigania kila kitu katika mji huu, lakini pale sikuwahi kuona vita.

Akoth, yule mwigizaji, aliijua sheria hiyo. Kabla ya kuigiza filamu yake ya mama wa kufua, alikuja akakaa ukutani wiki mbili. Wakati huo uso wake ulikuwa kwenye kila televisheni. Mukonyo akamwonyesha pa kulaza beseni: mwisho. Akalilaza mwisho. Siku tatu alirudi kwake bila kazi, na hakunung'unika. Siku ya nne Mukonyo alimfundisha kukamua blanketi bila kuumiza kiuno. Akoth alipofariki mwaka jana tulimlia sana, mimi nikiwemo.

Kwa hivyo msinielewe vibaya. Akoth anastahili kukumbukwa. Ninaowakasirikia ni hao waliomkumbuka.

Ilianza na kamati. Watu sita walijichagua wenyewe, mwenyekiti akiwa mfanyabiashara anayeitwa Macharia. Wakaamua Akoth ajengewe sanamu, ameinama juu ya beseni. Na kati ya nafasi zote zilizoko hapa, wakachagua palepale kwenye ukuta. Ati ubomolewe, papandwe nyasi, pazungushiwe ua wa chuma.

Walituita kwenye ukumbi wa kanisa kutuambia tu, si kutuuliza. Mukonyo akasimama.

"Mzee, hiyo sanamu ni ya mama wa kufua?"

"Ndiyo, mama. Ni heshima kwenu nyote."

"Na sisi tutakaa wapi?"

"Mtatafutiwa mahali."

"Wapi?"

"Tutaangalia." Macharia akatazama saa yake. "Lakini muelewe, wageni watakuja na makamera. Hatuwezi kuwa na watu wanakaakaa hapo ovyo."

Kukaakaa! Mwanamke ameamka saa kumi na moja alfajiri, mikono yake imebambuka kwa sabuni, halafu mtu ambaye hajawahi kufua hata soksi yake anamwambia anakaakaa.

"Akoth alikaa hapo na sisi," Mukonyo akasema. "Beseni lake lilikuwa la mwisho, na alingoja. Nyinyi mnaliweka mbele ya yetu sote. Angekuwa hai angekataa."

Macharia akasema marehemu aheshimiwe, kisha akafunga mkutano kwa maombi. Mimi sikufumba macho, na sikusema amina.

Ukuta ulibomolewa wiki hiyohiyo. Siku ya kuzindua sanamu kulikuwa na hema, spika kubwa na hotuba sita kuhusu utu wa mama wa kufua. Hakuna mama wa kufua aliyealikwa. Askari aliwafukuza kabla wageni hawajafika, nao wakahamia nyuma ya bucha, kando ya mtaro, mahali ambapo mteja hawezi kuwaona hata akiwatafuta. Mahali walipoahidiwa kutafutiwa hapajapatikana hadi leo.

Wanafunzi walikuja, hawakuona mtu, wakapeleka nguo zao kwa mashine. Mukonyo alianza kukaa wiki nzima akipata kazi moja. Mbuvi akaanza kusema shule inaweza kungoja, kwamba kuna mjengo kule Kiuu wanataka watu. Mama yake alikuja kwangu kuniambia hivyo, akalia, akajifuta machozi kwa leso, akarudi mtaroni.

Jumamosi iliyopita msichana mmoja alifika na begi limejaa. Kwanza alijipiga picha na sanamu. Kisha akageuka kwangu.

"Sasa auntie? Wamama wa kufua huwa wapi? Niliambiwa ni hapa."

Nilimwita Mukonyo kwa sauti yangu yote. Akaja mbio na beseni lake la bluu. Alipofika akatazama begi, akatazama ua wa chuma, na nikaona uso wake ukibadilika. Akalaza beseni kifudifudi nje ya ua, nyuma kabisa ya sanamu.

"Utanifulia?" msichana akauliza.

"Hapa tunaenda na laini. Wa mbele ndiye huchukuliwa."

"Sawa. Wa mbele ni nani?"

Mukonyo akapitisha mkono kati ya vyuma, akamwonyesha Akoth.

Msichana akacheka. "Aki auntie! Si hiyo ni statue?"

Mukonyo hakucheka.

"Muulize kama anafua," akasema. "Kama hafui, mwambie asonge."