Ukurasa wa Vinyago Uliochelewa Kufunguka

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilitengeneza tovuti ya kuagizia vinyago vya mawe kutoka Tabaka, kijiji cha wachongaji karibu na Kisii. Nilitumia kompyuta ya duka la Mhindi mmoja mjini Kisii, iliyoingia mtandaoni kwa laini ya simu. Mnunuzi mmoja wa ng'ambo akaniandikia kwamba alingoja hadi akachoka, akaondoka bila kuona hata kinyago kimoja.

Maneno yake yaliniuma. Asubuhi iliyofuata nilivua saa yangu, nikaiweka mezani, nikafungua ukurasa, nikaandika kila faili iliyoingia na muda iliouchukua. Dakika sita zilipita kabla ya skrini kuonyesha chochote. Programu yangu ilikuwa ikisubiri picha zote arobaini ndipo ifungue ukurasa.

Kando yangu alikaa mama mmoja aliyekuwa akisugua vinyago kwa msasa kule Tabaka. Wenzake walikuwa wamemtuma aje aone kazi yao.

"Mwanangu, kwani lazima wavione vyote kwa mpigo?" akauliza.

"Hapana, mama," nikajibu, nikiona aibu kwamba sikuwahi kujiuliza hilo.

Nikabadilisha programu ianze na majina ya vinyago na picha tatu ndogo; nyingine zije mtu akizihitaji. Tulipofungua tena, kinyago cha kiboko alichokisugua mama huyo kilitokea kabla ya sekunde ishirini kwisha. Mama akaisogelea skrini, akacheka polepole.

"Sasa niitie twiga," akasema.

Nikambonyezea jina la twiga. Mwenye duka akaacha kaunta, akaja kusimama nyuma yetu, tukamsubiri twiga pamoja.