Juu ya Bati Si Nyumbani

Baba alitoa sharti lake akiwa anachambua karoti za kupeleka sokoni, bila kuniangalia, kama mtu anayeulizia chumvi.

"Siku ya mashindano, ukiweza kumwingiza njiwa hata mmoja bandani kwa mdomo wako mwenyewe, banda ni lako. Ukishindwa, naweka kuku."

Kwa mdomo wangu mwenyewe. Alijua anachosema. Shuleni naitwa Bubu. Niko kidato cha tatu na nadhani wapo walimu ambao hawajawahi kusikia sauti yangu isipokuwa wakati wa kuita mahudhurio, na hata hapo mwenzangu wa dawati huwa anarudia, "Yupo, mwalimu, amesema yupo."

Hilo banda ni la babu. Amefuga njiwa wa mbio tangu kabla baba hajazaliwa, hapa hapa kwetu, juu kidogo ya mji wa Lushoto. Sasa kifua chake kimechoka na baridi ya huku. Mwezi wa saba akikohoa usiku, nyumba nzima tunakaa macho tukimsikiliza. Shangazi amesema aende akakae naye Muheza, chini kwenye joto, na babu amekubali. Nguo zake zinaingia kwenye mkoba mmoja. Njiwa ndio hawaingii kokote. Njiwa mkubwa humhamishi. Mpeleke Muheza, mfungulie tu, kesho yuko Lushoto juu ya banda lake. Kilichokuwa kinaninyima raha ni hicho. Hata babu akiwagawa, watarudi. Watarudi wakute kuku.

Wavu wa kuku baba alikwishaununua. Ulikuwa umeviringishwa, umeegemezwa ubavuni mwa banda, na kila asubuhi nikienda kuwapa njiwa mahindi lazima niupite.

Niseme mashindano yenyewe yalivyo, maana watu wengi wakisikia njiwa wanauliza kama nyama yake tamu. Wafugaji wanapeleka njiwa wao Mombo, chini kabisa mlima unapoanzia. Wanaachiwa kwa pamoja, na kila njiwa anarudi kwao. Kila mmoja amevalishwa mguuni kipete cha mpira kilichokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Na kwenye kila banda anakaa shahidi, mfugaji kutoka sehemu nyingine au mtu aliyemtuma, anakunywa chai yako huku akikulinda usidanganye. Shahidi haangalii saa mpaka kipete kiwe mkononi mwake, na kipete hukipati mpaka njiwa awe ndani. Njiwa anaweza kutua juu ya paa kabla ya wenzake wote, akakaa pale anajichana manyoya, na ukashindwa. Babu ana msemo wake: "Juu ya bati si nyumbani."

Zamani, anasema, wafugaji walikuwa wengi kiasi cha kugombea ushahidi. Siku hizi wamebaki watatu: yeye, mzee mmoja wa kule Bumbuli, na mwingine wa Shume ambaye sasa anaona jicho moja tu. "Tukifa sisi," babu aliniambia siku moja tukikwangua mavi ya njiwa, "hawa watabaki ndege wa kawaida tu. Wataruka, lakini hakuna atakayewangoja." Alisema kama utani. Mimi sikucheka.

Kwa hiyo alinipa makinda wanne niwalee mwenyewe. "Wape sauti yako wakiwa wadogo," akasema. "Sauti yoyote, mradi iwe hiyo hiyo kila siku, halafu chakula. Mimi wangu nimewapa mluzi."

Mluzi wa babu unasikika mpaka ng'ambo ya bonde. Mimi mluzi sijui. Bibi, Mungu amrehemu, alikuwa akinipiga kofi la mdomo nikijaribu: "Mtoto wa kike hapigi mluzi, unataka kutuitia nyoka?" Nikasema basi nitawaambia "karibu." Ilinitoka siku ya kwanza kama mvuke wa chai. Njiwa hawakugeuka. Siku ya pili niliona aibu hata mbele yao, nikatikisa kopo la mahindi tu, nikamwaga, nikajikalia kimya.

Kimya cha kutowaita, nina maana. Kwa sababu bandani nilikuwa nasoma. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa amenisimamisha mbele ya darasa nitaje ngeli za nomino, nikataja mbili, nikakwama. Darasa likacheka. Mwalimu akasema, "Kazikariri kwa sauti. Hata mbele ya mbuzi, lakini kwa sauti!" Mbuzi hatuna. Nikawa nazikariri bandani, mkono kwenye kopo: A-WA, U-I, LI-YA, nikifika mwisho namwaga mahindi nakimbia shule.

Siku ya mashindano niliamka mapema. Nilifungua mlango na sikuiona mikalitusi ya jirani. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni kama maziwa kwenye bakuli. Babu alikuwa ameshashuka Mombo alfajiri na tenga lake, amewabeba wanne wangu tu, wake kawaacha. "Mbio zangu zimekwisha," alisema. "Hizi ni zako." Nilitamani angenikasirikia badala yake.

Mzee wa Bumbuli alifika amevaa koti juu ya koti.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umesema? Sikukusikia."

"Shikamoo."

"Aa. Nilidhani mlango umelia." Akacheka peke yake, akakaa kwenye kiti cha uvivu cha babu, akauangalia ule wavu. "Huu wa nini?"

Baba akajibu kwa niaba yangu. "Wa kuku, mzee. Tusubiri tuone."

Na kama vile haitoshi, mwenzangu wa dawati naye akatokea. Mama yake huchukua mboga kwetu, akawa ametumwa kabichi. Aliposikia kuna njiwa wanatoka Mombo, kabichi akaiweka chini, na yeye akakaa juu ya gunia. "Yaani wanakuja wenyewe? Bila kuelekezwa? Siondoki." Nilitaka ardhi ipasuke. Ningeshindwa mbele ya baba na mzee, hilo ningelimeza. Lakini Jumatatu darasa zima lingejua.

Simu ya baba ikalia. Alikuwa babu. Baba akanipa.

"Nimewaachia," babu akasema. Nyuma yake nilisikia honi na watu wa stendi. "Huku jua linachoma."

"Huku ukungu, babu. Sioni hata mikalitusi."

Akavuta pumzi. Nilisikia kifua chake kikifanya ule mlio wake wa kukoroma. "Basi watapita juu yake. Usiwatafute kwa macho, utajiumiza. Sikiliza mabawa."

Nikasikiliza. Kila kitu kilikuwa kama mabawa: jani la mgomba, kanga kwenye kamba, mwenzangu akifungua pipi. Nilifikiria mwewe anayekaa kwenye miti ya juu ya shule. Nilifikiria nyaya za umeme zisizoonekana. Nilimfikiria zaidi yule wa kijivu, mdogo wao, ambaye bado hulia kama kinda akiona kopo. Mzee wa Bumbuli alimaliza chai akaomba nyingine. Baba aliinuka, akaupima wavu kwa mikono, akaurudisha. Sidhani alifanya makusudi. Lakini nilimwona.

Ndipo juu yangu kitu kikapasua hewa, *fyuu*, na yule wangu wa madoadoa akatua juu ya bati la banda.

"Amefika!" mwenzangu akapiga kelele.

"Amefika," mzee akasema, bila kugusa saa yake. "Hajaingia."

Nikalichukua kopo. Nikalitikisa. Madoadoa akageuza shingo, akanitazama kwa jicho moja, akabaki palepale. Mlango wa banda la babu ni wa spoku za baiskeli zinazoning'inia. Njiwa anazisukuma kwa kifua, zinamruhusu kuingia na hazimruhusu kutoka. Ni hatua mbili tu kutoka pale alipokuwa. Nikatikisa tena.

"Mwite," baba akasema.

"Karibu," nikasema.

"Hata sisi hatujasikia, Bubu!" mwenzangu akasema. Hakuwa na ubaya, ndivyo alivyo. "Sembuse yeye."

Nikasogeza vidole mdomoni nikajaribu mluzi. Ulitoka upepo na mate. Madoadoa akashtuka, akarukia mgongo wa paa, mbali zaidi. Mzee akaguna. Baba akatazama pembeni, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda. Alikuwa ananionea huruma, na akishaona huruma baba huwa anamaliza mambo haraka.

Nikatikisa kopo mara nyingine, polepole. Nikaona kitu. Madoadoa alikuwa ananyoosha shingo kila kopo likilia, halafu anangoja. Anangoja, kama mtu uliyemwita ukanyamaza. Alikuwa anajua kuna kitu kinafuata. Nikajiuliza, kinafuata nini? Nikitikisa kopo kila asubuhi, halafu nafanya nini?

Nilipojua, nilitamani nisingejua.

Nikatazama chini, kwenye ndara zangu. "A-WA," nikasema.

Shingo ikageuka.

"Anasemaje?" mwenzangu akauliza.

"U-I. LI-YA." Madoadoa akashuka kutoka mgongoni mwa paa, vidole vyake vikikwaruza bati. Upepo ulikuwa umeanza, ukungu unasogea, nikalazimika kupaza. "KI-VI!"

"Haki ya Mungu," mwenzangu akasema, "zile ni ngeli!" Akaangua kicheko cha kulala kwenye gunia. Uso wangu uliwaka kama umewekwa pilipili. Lakini madoadoa alikuwa amefika ukingoni. Nikikoma, atakoma.

"I-ZI! U-ZI! U-YA!" Nilikuwa napiga kelele. Sijawahi kupiga kelele vile, hata nilipong'atwa na mbwa. Akarukia ubao wa mlangoni. "KU!"

Ikabaki ya mwisho, ngeli ya mahali. Mwalimu hutolea mfano kibanda cha kuku, eti *pana* kuku ni hapo nje, *mna* kuku ni humo ndani.

"PA-MU-KU!"

Spoku zikalia *chwaa*. Akaingia.

Nilimwaga kopo lote. Nilihangaika na kipete mpaka kikatoka, na nilipompa mzee, hakukipokea mara moja. Alikuwa anajipangusa machozi ya kucheka.

"Miaka yote hii nasema 'njiwa zangu,'" akasema. "Kumbe wenyewe ni A-WA. Njiwa wangu! Ndiyo maana hawanisikilizi." Ndipo akatazama saa.

Hatukushinda. Simu ilisema yule wa Shume alikuwa amekabidhi kipete mapema sana, licha ya jicho lake moja. Wala haikunihusu. Wawili wengine walitokea ukungu ulipopanda, nikajaza kopo, nikawaita vilevile, na mara hii mwenzangu alikuwa ananisaidia, akikosea, mpaka nikamwambia anyamaze, atawachanganya. Alinitazama. "Bubu ameniambia ninyamaze," akasema, kama anayetangaza habari. Alipoondoka alisahau kabichi, akarudi kuichukua, akauliza kama kinda anapatikana na kama lazima afundishe ngeli, kwa sababu yeye ngeli hazijui. Nikamwambia sauti yoyote, mradi iwe hiyo hiyo kila siku. Baada ya kusema nikagundua nimemjibu sentensi nzima.

Babu alipiga. Hakuuliza kama wamefika.

"Wameingia?"

"Watatu."

Nikasikia ule mlio kifuani. "Na wa kijivu?"

"Bado."

"Haya," akasema. "Usifunge mlango."

Jioni ilianza kuingia na sikuwa nimetoka pale. Mzee wa Bumbuli alikwishaaga. Sharti lilisema hata mmoja, nami nilikuwa na watatu. Banda lilikuwa langu, na sikuhisi kitu isipokuwa yule asiyekuwepo. Sikujua kumiliki kulikuwa hivi. Babu amekaa na hofu hii miaka mingapi, na huwa anakunywa uji kama kawaida?

Niliendelea kuita kuelekea bondeni. Sauti ilikuwa imeanza kukauka. Nyuma yangu nikasikia wavu ukiburuzwa, nikageuka. Baba aliubeba begani, akaupeleka nyuma ya jiko, akarudi mikono mitupu. Akasimama karibu nami. Alilichukua kopo mkononi mwangu, taratibu, kama mtu anayempokea mwenzake mzigo njiani, akalitikisa.

"KI-VI," akaita kuelekea ukungu, kwa sauti yake ya sokoni. "LI-YA. A-WA."

"Baba, inaanza A-WA."

"Kwani njiwa anajua?"

"Anajua."

Baba akakohoa kidogo, akasafisha koo, akaanza upya.