Njia Imeishia Kwenye Banda Langu la Kuku

Jamani, leo bodaboda imefika mlangoni kwangu! Mlangoni kabisa!

Huku kwetu pembeni ya mji wa Singida kila mtu amejenga anapotaka, njia hakuna aliyeacha. Barabara naiona kwa macho, ila kuifikia lazima nizunguke nyumba zote na mtoto mgongoni. Juzi alivyoshikwa na homa nilizunguka hivyo hivyo huku nalia.

Sasa leo nikajikaza, nikaenda kwa babu jirani. Kiwanja chake kiko kati yangu na barabara, na amekizungushia ua wa minyaa.

"Shikamoo babu. Naomba utuachie kaupenyo tu."

"Marahaba. Mbona umechelewa kuniomba?"

Akaingia ndani, akatoka na panga!

Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka.

Minyaa ikaanguka. Babu akachungulia upande wa pili. Halafu akaanza kucheka.

"Mjukuu wangu, hili banda la kuku ni la nani?"

La kwangu. 😂😂

Nililiegemeza kwenye ua mwenyewe, limeziba njia yote!

Aibu niliyoipata! Nikampa jirani mmoja mtoto, nikaanza kung'oa mabanzi. Babu akashika upande wa pili, bado anacheka.

Jioni nikaita bodaboda makusudi tu ije. Ikaja! Mwanangu anaipigia makofi.

Kuku wanalala jikoni leo. Walale tu.

Haya, semeni ukweli, na ninyi mmejenga nini njiani?