Mwaka Nilioukwangua kwa Wembe

Nakumbuka siku moja, Mwanangu, nilijifungia chumbani nyumbani kwetu Ibra, hapa Omani, na wembe wa kunyolea wa baba, nikaanza kukwangua karatasi ya serikali. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, na karatasi yenyewe ilisema nina kumi na saba. Polisi walikuwa wanaandikisha vijana katika mji wa Nizwa, na sharti la kwanza walilolitangaza lilikuwa umri: ambaye hajatimiza kumi na nane asijisumbue kupanda gari. Zilikuwa zimebaki siku tano wafunge kuandikisha.

Haya nimeyakumbuka kwa sababu ya mjukuu wangu Hamed. Wiki iliyopita alinijia na simu yake, anajaza maombi ya polisi kwenye mtandao. Siku hizi hata foleni hamuijui. Uraia akajaza, umri akajaza, shahada ya skuli, urefu, kwamba hajawahi kuhukumiwa kwa kosa lolote. Akafika pahala wanapouliza kama umewahi kupasuliwa, mkono ukasita. Goti lake lilipasuliwa miaka miwili nyuma, mambo ya mpira hayo. Akaniuliza akiacha hapo patupu kuna ubaya gani, mbona anakimbia vizuri tu. Nikamwambia aweke simu chini, atumiminie kahawa, anisikilize. Basi na wewe kaa, kwani ninayoyasema si ya Hamed peke yake.

Kwanza ujue ile miaka yangu miwili ilikwenda wapi. Sisi tulizaliwa Unguja. Tulipokuja Omani nilikuwa na miaka kumi, na Kiarabu changu kilikuwa cha kusalia tu. Skuli ya hapa darasa la kwanza ilipokea watoto wadogo. Mkubwa aliyechelewa alipelekwa masomo ya jioni, akae na watu wazima wenye ndevu zao. Baba hakulitaka hilo. Alipoitwa mbele ya watu wa kukadiria umri, cheti changu cha Unguja alikiacha ndani ya kasha, akasema huyu ana miaka minane. Mimi nilikuwa mfupi, mbavu nje, daktari akanitazama meno akakubali. Wakaniandika nimezaliwa tarehe mosi mwezi wa kwanza, kama walivyoandikwa wenzangu wengi wasiokuwa na vyeti. Lau tungetaka kusherehekea siku ya kuzaliwa, ingebidi tukodi uwanja wa mpira.

Mwaka walioniandikia uliishia na tatu. Tatu ya Kiarabu, kama unavyoijua, ina meno matatu kwa juu, na mbili ina mawili. Ukilikwangua jino moja, mtu anaongezeka mwaka mzima. Nikafanya hivyo, taratibu, ulimi nimeung'ata kwa umakini, nikapuliza vumbi la karatasi, nikawa na miaka kumi na nane. Wala sikujiona mwizi. Nilijiambia kwamba umri wangu wa kweli ni mkubwa kuliko huo, kwa hiyo hata uongo wangu haujaifikia kweli. Kijana akitaka jambo lake huwa wakili hodari sana.

Utauliza kwa nini nisimwambie baba aende akasahihishe. Hapo ndipo penye kisa. Baba alikuwa dereva wa gari la maji, lakini mtaani kwetu alijulikana kwa jambo jingine: alikuwa shahidi. Mtu akimuoza binti yake, akiuza shamba la mitende, akigombana na jirani juu ya mpaka, alimwita baba aende naye kwa kadhi. Kadhi akishamsikia baba haulizi mara ya pili. Sasa nimwambie mtu huyo aende mbele ya kadhi yule yule, aseme kwamba yeye aliwahi kuidanganya serikali? Sikuweza. Na kazi nilikuwa naitaka kuliko kitu chochote. Nyumbani tulikuwa saba, anayefanya kazi mmoja, na mgongo wake ulikuwa umeshaanza kumsumbua.

Nikaichukua karatasi yangu nikaenda kwa Mzee Nasoro. Huyu alikuwa jirani yetu tangu Unguja, karani wa zamani, anakaa nje ya mahakama na mashine yake ya chapa, anawaandikia watu barua za Kiarabu. Nikamwamkia, akaniitikia, nikampa karatasi aniandikie maombi. Akaishika, akaiinua juu kwenye jua. Pale nilipopitisha wembe pakang'aa. Alikitwaa kitambaa chake akaifunika mashine, na mimi nikajua sitaandikiwa barua siku hiyo.

"Baba yako alisema uongo mmoja upate kusoma," akaniambia. "Wewe unataka kuuwekea wa pili juu yake, eti unamhifadhi. Nani kakwambia hataki kuumaliza mwenyewe? Mpe nafasi. Halafu hiyo kazi ya polisi, ndugu yangu, utamkamataje mtu aliyeghushi, na wewe umo humo humo?"

Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira. Njia nzima namlaani mzee wa watu, namwita mchawi wa karatasi. Leo ninamuombea rehema kila Ijumaa, na ninaona haya nikikumbuka maneno yale. Mtu anayekukatalia jambo lako mbele ya uso wako, na hana cha kufaidika, huyo ni wa kushukuriwa sana, ila shukurani yake huja imechelewa.

Baada ya chakula cha mchana nikamwambia baba yote. Aliosha mikono, akaiomba ile karatasi, akapitisha kidole gumba pale palipokwanguliwa. Nilisubiri kofi. Baba alikuwa na mkono mzito, mimi nalijua hilo kuliko ndugu zangu wote. Lakini kofi halikuja. Alisema tu, "Hili langu," akaenda kulifungua kasha, akakitoa cheti changu cha Unguja.

Kesho yake asubuhi tulikwenda mahakamani, na Mzee Nasoro akaiacha meza yake akatufuata, kwa kuwa siku niliyozaliwa anaijua. Ukumbi ulikuwa na watu, na wengi wao wanamjua baba. Kadhi alipomuona akafurahi, akamuuliza leo amekuja kumshuhudilia nani.

"Leo, sheikh, nimekuja kujishuhudilia mwenyewe," akasema baba. "Umri wa mwanangu niliousema si kweli, na nilikuwa najua."

Mwanangu, nimeshasimama mbele ya watu wenye visu, nimeshatoa maiti ndani ya magari yaliyopondeka, lakini sijaona ujasiri kama ule. Kadhi akamuuliza kwa nini alifanya hivyo. Baba akajibu kwamba alitaka mtoto asome, na hakujitetea zaidi. Ikaja zamu yangu. Nikaitoa karatasi yangu ya wembe nikaiweka mezani. Kadhi akasema bahati yangu sijaitumia kwa mtu yeyote, akaifungia ndani ya mtoto wa meza yake. Baada ya siku mbili tatu akatuandikia uthibitisho wenye tarehe zote mbili, na sababu ya kubadilishwa imeelezwa waziwazi.

Tulipanda teksi hadi Bidbid, tukabadilisha gari, tukaingia Nizwa siku ya mwisho ya kuandikisha. Nikapimwa urefu, nikapimwa kifua, nikasomeshwa herufi ukutani, nikakimbizwa juani mpaka nikaona nyota mchana. Nikaandikishwa imla ya Kiarabu, na makosa yangu nayakumbuka mpaka leo. Mwisho nikaingizwa kwa afisa wa usaili. Akaisoma ile karatasi ya kadhi mara mbili, akaniuliza, "Baba yako anajua kwamba haya yatakaa ndani ya faili lako maisha yako yote?"

Nikamwambia anajua, na yuko nje ananisubiri. Akalifunga faili, akanipeleka kwa daktari.

Baada ya wiki chache walikuja watu mtaani kwetu kuuliza habari zangu, kama ilivyo desturi kabla mtu hajakubaliwa. Majirani walisema mengi, mengine si ya kunisifu, lakini walimaliza kwa kusema huyo ni mtoto wa yule aliyejishitaki mwenyewe. Jina hilo likaniingiza polisi. Nimefanya kazi miaka thelathini, Ibra, kisha Sur, nimestaafu salama, alhamdulillahi, na sijapata hata siku moja kuogopa mtu anapolifungua faili langu.

Lakini usidhani ilikuwa bure. Baba kwa muda wa miaka miwili hakuitwa kushuhudia kitu. Harusi zilipita, mashamba yaliuzwa, wakaitwa wengine. Hakulalamika, na mimi nilikuwa nikimuona anavyolisikiliza jina la mtu mwingine likitajwa. Halafu majirani wawili wakagombana juu ya zamu ya maji ya falaji, ule mfereji wa kumwagilia mashamba, kila mmoja na hoja zake, na wote wawili wakasema wanamtaka baba. Kadhi akamkubali. Siku nilipovaa sare mara ya kwanza nilitaka kumshukuru kwa yote, nikaishia kumuaga tu. Akaninyooshea kola, akasema nisichelewe. Namshukuru sasa, mbele yako, kwa sauti ambayo siku ile sikuwa nayo.

Hamed amelijaza goti lake, na tarehe ya kupasuliwa, na jina la daktari. Wamemwita akapimwe, na jibu halijatoka. Huenda wakamkataa. Nimemwambia, na wewe nakwambia: sharti likikukatalia mlango, umekosa kazi moja, utatafuta nyingine. Uongo ukikufungulia, utakaa mlangoni hapo kuulinda mpaka uzeeke. Na ukiukuta uongo ulioandikiwa na watu waliokupenda, usiufiche kwa kuwaonea huruma. Wapelekee wenyewe kwa adabu, maana pengine wanasubiri miaka mtu wa kuwasaidia kuutua.

Mola akufungulie riziki ya halali, akulinde barabarani na kazini. Na siku utakapoulizwa uliipataje kazi yako, akujaalie umtaje mzazi wako kwa jina lake kamili, kichwa juu, kama ninavyoweza kumtaja wangu.