Kiti Mwisho wa Matembezi

Nina ugonjwa wa MS, unaoshambulia mishipa ya fahamu. Jua la Korogwe likikaza, miguu inaniacha nayumba barabarani. Jirani yangu aliwahi kuniona hivyo sokoni, akauliza kwa sauti, "Asubuhi yote hii, huyu mama kanywea wapi?" Mimi, ambaye pombe siijui hata ladha yake!

Mwaka huu tuliandaa matembezi ya kuchangia utafiti wa ugonjwa huu. Jirani naye akatembea. Mimi niliwasubiri mwisho wa njia, nimekaa kivulini na kanga mbichi shingoni. Alifika mchana, jua limempiga, anapepesuka.

"Miguu imekataa," alisema.

Nikamsogezea kiti, nikamnong'oneza, "Umenywea wapi, jirani?"

Hakucheka. Wala mimi sikucheka.