Mvua Kwenye Maikrofoni

Mimi ni mtu wa diploma moja, na sioni haya kulisema hilo, kwa sababu wanaonisikiliza kila Jumanne alasiri ni wanafunzi wa digrii. Chuo kikuu kimenipa wale wa mwaka wa kwanza niwafundishe kompyuta kwa mtandao: kuhifadhi faili, kuipa jina, kuituma kwa barua pepe. Kwenye simu vidole vyao ni vyepesi ajabu, lakini mwambie mmoja afungue kazi aliyoandika jana, atakuapia kwamba imepotea. Haijapotea. Mimi humwelekeza akaipata mara moja, na huwa sifichi furaha yangu.

Kazi hii niliijulia Doha. Nilienda kubeba mizigo ya wageni hotelini, nikaondoka huko nikiwa fundi wa kompyuta zote za hoteli hiyo, na diploma niliisoma siku ambazo wenzangu walikuwa wakipumzika. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Niliporudi nilijenga hapa Eldoret nyumba ya mawe, dari ya mbao, paa la vigae vyekundu. Mgeni hahitaji kuelekezwa. Paa hilo linaonekana kutoka barabarani.

Kule Doha mvua hainyeshi ila kwa nadra. Mama alikuwa kijijini kwetu Ainabkoi, katika nyumba ya mabati. Siku moja nilimpigia simu mvua ikaanza katikati ya mazungumzo, tukawa hatusikizani. Nilipotaka kukata, akapaza sauti: "Usikate! Nakuweka hapa kwa kiti, usikie kwenu." Akaniacha hapo, akaendelea na shughuli zake. Nikasikia mabati yakipigwa, sufuria ikisukumwa chini ya palipovuja, kuku wakigombania mlango. Tangu siku hiyo, kila msimu wa mvua nilijua saa ya kupiga simu.

Alifariki kabla sijarudi. Nyumba ile ilibomolewa, mabati yakaezekea zizi la ng'ombe la ndugu yangu. Mimi nina vigae, na chini ya vigae nina dari. Mvua ya Eldoret huja na kuondoka bila mimi kuisikia.

Sasa, darasani sheria yangu ya kwanza ni hii: zima maikrofoni yako. Nimeirudia hadi wananiigiza. Lakini Jumanne moja, nikiwaonyesha jinsi ya kuambatisha faili, kishindo kikatokea kwenye spika.

"Mwalimu, nani amewasha posho mill asage mahindi?"

"Si posho mill, ni mvua. Halafu kuna kuku! Kuku amejiunga na chuo!"

"Mwalimu, mzime huyo, tunamaliza bando bure!"

Kikao ni changu. Kumzima mtu ni kubofya mara moja tu. Nikatazama ni nani. Alikuwa msichana ambaye siku ya kwanza alijitambulisha kuwa anatoka Ainabkoi. Nikamwita, nikamwita tena. Yaliyojibu ni mabati tu. Kidole kilikuwa tayari juu ya kipanya, na hakikushuka.

Kisha sauti ya mwanamke mzima ikaingia. "Haloo? Nyinyi ni akina nani humu?"

"Ni mwalimu, Mama. Wa kompyuta."

"Woi, mwalimu! Msichana amekimbilia mahindi, tulikuwa tumeanika nje. Usimkatie alama, tafadhali. Hii kitu nizime wapi?"

Kumwelekeza mtu kitufe ndiyo kazi ninayolipwa kuifanya, na hakuna anayeifanya vizuri kunishinda.

"Usizime, Mama," nikasema. "Iweke tu hapo kwa kiti."

"Kwa kiti? Kwani huko kwako hakunyeshi?"

"Kunanyesha. Lakini nyumba yangu ni ya vigae."

Akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe mwalimu ni tajiri! Haya, basi, sikiza."

Nikasikia simu ikilazwa kwenye mbao, nyayo zikienda, mama akimfokea kuku atoke kwenye unga. Nilingoja wanafunzi walalamike juu ya bando lao. Hakuna aliyelalamika.

"Hapa Cheptiret mvua bado," mmoja akasema polepole. "Lakini naiona ikikuja."

Nje ya dirisha langu maji yalikuwa yakitiririka kutoka kwenye vigae, kimya kabisa. Nikaongeza sauti ya spika hadi mwisho.