Siku Mjomba Alipoliacha Lori Liondoke

Nilikuwa kidato cha tatu nilipoanza kujiumiza. Tuliishi mjini, mtaa wa Kilakala, mama na mimi, wawili tu, baada ya baba kuhamia kwa familia nyingine ambayo hatukujua hata kama ipo. Mama alifanya kazi kiwandani kwa zamu, na nyumba ilikuwa kimya mno. Sikutaka kufa. Nilitaka tu kile kilichonibana kifuani kitulie. Kilitulia kwa dakika chache, kisha ikaja aibu, na aibu ikakibana upya. Nilivaa sweta hata Februari, jua likichoma, nikiwaambia wenzangu nina homa.

Mama aligundua siku nilipokuwa naosha vyombo, nikapandisha mikono ya sweta bila kufikiri. Alilia, akanifokea, akalia tena. Akaniapisha kwamba majirani wasijue. Halafu akafanya kile ambacho kwetu Waluguru hufanywa mtoto akipata shida kubwa: akampigia kaka yake, mjomba wangu, kule Mgeta milimani.

Mjomba alikuwa mkulima wa karoti na kabichi, mfupi, mkimya, mtu wa benchi la nyuma kanisani. Nilimwogopa. Kesho yake aliteremka na lori la mboga, akaingia ndani mabuti yakiwa bado na matope.

"Shikamoo mjomba," nikasema, macho sakafuni.

"Marahaba."

Nikasubiri kusemwa. Yeye akanywa kwanza chai aliyomiminiwa na mama.

"Mama yako kaniambia," akasema mwishowe. "Mpwa wangu, ugonjwa huu mimi siujui, na sitakudanganya kwamba naujua. Twende kwa anayeujua."

Siku hiyohiyo tukaenda hospitali, sote watatu. Muuguzi wa afya ya akili, mwanamke mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, alizungumza nami kwanza peke yangu, kisha akawaita wao. Mama hakuweza kuinua uso. Mjomba alichomoa daftari la shule kwenye koti akaanza kuuliza. Hamu ya kujiumiza ikimjia, inakaa muda gani? Nikimwona amenyamaza, nimuulize au nimwache? Neno gani nisimwambie kabisa?

Muuguzi alijibu yote. Hamu hupanda, kisha hushuka yenyewe mtu akiipa muda. Asikae nayo peke yake. Mikono ipate kazi. Muulizeni waziwazi, kuuliza hakumwongezei tatizo. Na msimwambie anadeka. Mjomba aliandika kwa herufi kubwa, akimwomba arudie pale alipoachwa nyuma. Mwanaume wa umri wake, aliyeishia darasa la saba, hakuona haya hata kidogo. Nikamtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Nikawa nakwenda kliniki kila wiki. Likizo ilipofika nilipanda Mgeta, na mjomba akanikabidhi mbuzi wawili wa maziwa. Mmoja alinipiga teke nikimkamua, asubuhi tatu mfululizo. "Una haraka," mjomba akaniambia. "Pumua kwanza, ndipo umshike." Siku ya nne nikapata nusu kikombe, nikakimbilia jikoni kukionyesha kama nimefaulu mtihani.

Kisha ikaja ile Ijumaa. Mchana baba alinipigia, akaongea dakika moja, akasema ana wageni. Nilipokata simu, hamu ilinipanda ghafla, kali kuliko zote. Nikateremka kilima mbiombio hadi barabarani, ambako lori la kwenda Dar lilikuwa linapakiwa. Mjomba alikuwa na gunia la karoti begani.

"Mjomba, imenijia."

Akalitua gunia. Dereva akapiga honi. "Mzee, tunaondoka!"

"Nendeni," mjomba akasema, bila hata kugeuka.

Tukashuka mtoni, mahali wanapooshea karoti. Bado kulikuwa na rundo halijaoshwa. Tukaingiza mikono kwenye maji yale ya baridi, tukaosha moja moja. Aliniuliza baba kasemaje, nikamwambia, nikalia kwa sauti, yeye akiitikia tu, "Ehee." Sijui tulikaa muda gani. Vidole vilikufa ganzi.

"Imeshuka?"

"Imeshuka."

Lori lilishafika mbali. Wiki nzima tulikula karoti zile zilizobaki, sisi na mbuzi, na mjomba hakuwahi kulitaja lori lile tena.

Sikupona moja kwa moja. Mwaka uliofuata, mitihani ikikaribia, nilijiumiza tena, mara moja tu. Nilimpigia mjomba mimi mwenyewe, nikijua nimemvunja moyo.

"Kidonda kimetibiwa?" akauliza kwanza.

"Bado."

"Mwambie mama sasa hivi, mwende kwa muuguzi. Na unisikilize. Safari ile mama yako ndiye aliyekuona. Safari hii umesema mwenyewe. Hujarudi ulikokuwa."

Maneno hayo yamenivusha siku nyingi. Sasa naishi Mlali, nakuza miche ya nyanya ya kuuza, na miaka imepita bila kujiumiza. Siku mbaya bado zipo. Zikija nampigia mtu, au naingia kitaluni kupalilia hadi kifua kilegee, na ikibidi narudi kliniki. Makovu hayajafutika. Mteja akiuliza, namjibu niliumwa, nikapona.

Mama naye alikuja kuanza kumwona muuguzi, kwa ajili yake mwenyewe. Mwaka jana aliniomba ruhusa: anaweza kusimulia habari zetu kwenye jumuiya yao ya sala mtaani? Nikamwambia asimulie. Jumamosi moja asubuhi akasimama sebuleni kwa jirani, mbele ya akina mama wenzake, khanga akiisokota vidoleni, akasema, "Binti yangu alikuwa anajiumiza, na mimi nilikuwa naona haya." Akasimulia hadi mwisho. Baada ya sala, akina mama watatu hawakuondoka, kila mmoja akiwa na la kusema kuhusu mtoto wake. Mama akawapisha kwenye mkeka, akamimina chai.